MAWESE MEKUNDU NA VITAMINI E
Usinunue kwa bei kali kitu ambacho kiko tayari jikoni mwako



Siku ya soko huko Baraka kuna biashara mbili zinazopishana njiani. Ya kwanza ni ya mawese. Bidoni za njano za lita 20 zinapakiwa juu ya magari. Nyingine zinakwenda Uvira na Bukavu, nyingine zinapanda bara kuelekea machimbo ya zahabu upande wa Misisi na Lubichako. Biashara ya pili ni ya dawa za mkononi. Muuzaji anatembea na kisanduku chake, na ndani yake mna vidonge laini vinavyong'aa kama matone ya asali. Anaita kwa sauti: "Vitamini E! Inaongeza damu, inaongeza nguvu, inarudisha ujana!"

Sasa fikiri kidogo. Ile vitamini E anayoiita kwa sauti imo ndani ya bidoni zinazopakiwa. Sisi watu wa Fizi tunaiuza kwa bidoni, kisha tunainunua tena kwa vidonge, na bei ya kuinunua inapita ile ya kuiuza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana nataka tuzungumze mwezi huu juu ya vitamini hii: ni kitu gani, inapatikana katika chakula gani, namna gani tunaipoteza kwa mikono yetu wenyewe, na kwa sababu gani vidonge vyake si vya kuchezea.

Vitamini E ni kitu gani?

Mwili wetu unahitaji vitu vingi kwa kipimo kikubwa: bugali kwa ajili ya nguvu, samaki na maharagwe kwa ajili ya kujenga nyama. Lakini kuna vitu vingine unavihitaji kwa kipimo kidogo sana, na pasipo hivyo kazi inaharibika. Hivyo ndivyo vitamini. Ni kama chumvi katika sombe: ni kidogo, lakini ikikosekana kila mtu mezani anajua.

Vitamini E ilijulikana mwaka 1922 huko California, Marekani. Mtaalamu Herbert Evans na mwenzake Katharine Bishop walikuwa wanalisha panya chakula kilichochaguliwa sana. Panya walionekana wazima na walishika mimba, lakini watoto walikufa tumboni kabla ya kuzaliwa. Walipoongezewa majani mabichi ya saladi, mimba zilifika mwisho na watoto wakazaliwa wazima. Mwaka 1936 wataalamu walifaulu kuitoa safi katika mafuta ya kiini cha ngano, wakaiita tokoferoli, jina lililotungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba uzazi.

Kazi yake mwilini ni ulinzi. Unajua kwamba chuma kikikaa nje kinapata kutu, na mafuta yakikaa wazi yanachacha. Kinachofanya vile ni oksijeni iliyo katika hewa. Hata ndani ya mwili oksijeni tunayovuta inatupa uzima, lakini inaacha pia mabaki makali yanayoshambulia ngozi nyembamba inayozunguka kila seli. Moshi wa sigara unayaongeza mabaki hayo. Vitamini E inakaa katika mafuta ya ile ngozi ya seli na kuizuia isichache. Kwa njia hiyo inalinda chembe nyekundu za damu, mishipa ya fahamu, macho, na nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa.

Tunahitaji kiasi gani?

Wataalamu wa Marekani wanasema mtu mzima anahitaji miligramu 15 kila siku, na mama anayenyonyesha 19. Mtoto wa miaka 1 mpaka 3 anahitaji 6, na wa miaka 4 mpaka 8 anahitaji 7. Shirika la chakula la FAO na lile la afya, OMS, wamehesabu kiasi kidogo zaidi: 10 kwa mwanaume na 7.5 kwa mwanamke. Utaona kwamba si kiasi kikubwa. Miligramu 15 haifiki uzito wa punje moja ya mchele.

Inapatikana wapi?

Usitafute mbali. Tazama hesabu hii ya vitamini E katika gramu 100 za kila chakula:

– mafuta ya alizeti: karibu miligramu 41
– mawese mekundu: karibu miligramu 16
– karanga: karibu miligramu 8
– avoka: karibu miligramu 2
– embe: karibu miligramu 1
– muhogo: haifiki hata nusu ya miligramu moja

Majani ya kijani kibichi, kama vile lengalenga na matembele, nayo yana sehemu yake. Mayai pia yana kidogo.

Soma tena ule mstari wa mwisho wa muhogo. Bugali inashibisha, nayo ni chakula chetu cha kila siku, lakini karibu haina vitamini E. Mtu wa chimbo anayekula bugali na chumvi peke yake, au bugali na kipande cha nyama ya kuchoma siku nenda siku rudi, anajaza tumbo tu. Kinacholinda mwili ni kile kilichomo katika kibakuli cha pembeni: mboga, mafuta, karanga.

Tufanye hesabu ya siku moja. Vijiko viwili vikubwa vya mawese katika sombe ni karibu miligramu 4. Kiganja cha karanga ni 2 na zaidi. Nusu ya avoka kubwa ni 2. Embe moja la wastani ni karibu 2. Ukiongeza mboga ya kijani, mtu mzima amekwisha kupita kipimo cha FAO na OMS, na ameanza kukaribia kile cha Wamarekani. Hakuna hata franka moja iliyoingia framasi.

Kumbuka neno moja kubwa: vitamini E inasafiri ndani ya mafuta. Ukipika mboga kwa maji na chumvi peke yake, sehemu kubwa ya vitamini zake zinazopenda mafuta itapita tumboni bila kushikwa. Wamama wetu waliochanganya sombe na mawese, au sombe na karanga zilizotwangwa, hawakusoma kitabu cha kemia, lakini walifanya vema kabisa.

Mungazi, mti wa kwetu

Mungazi ni mti wa Afrika. Asili yake ni magharibi na katikati ya bara hili. Mingazi mingi ambayo leo inalimwa katika Asia ina deni kwa Kongo. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walionyesha namna unene wa gamba la mbegu unavyorithiwa. Toka hapo watu waliweza kupanda kwa makusudi ule mungazi wenye gamba jembamba na nyama nyingi, unaoitwa tenera. Dunia nzima inakamua mafuta yake leo.

Hapa kwetu mungazi una heshima nyingine. Vita vya mwaka 1996 na vya 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi ng'ambo ya Tanganyika, mpaka kambi ya Nyarugusu katika Tanzania. Wengine walirudi baadaye kwa mashua kupitia Baraka. Shamba la muhogo au la mahindi likiachwa miaka mingi linakuwa pori. Lakini mungazi haukimbii vita. Unaanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 na unaendelea kwa miaka 25 na zaidi, hata kama mwenye shamba hayupo. Nyumba yenye mingazi michache ina akiba isiyoibwa usiku.

Na vitamini E haiko peke yake humo. Ile rangi nyekundu ya mawese ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A haoni vizuri wakati giza linapoingia, na magonjwa kama surua na kuhara yanampiga kwa ukali zaidi. Mawese mekundu ni kati ya vyakula vya shamba vyenye karotini nyingi kuliko vyote duniani. Basi, kijiko kimoja katika uji au mboga ya mtoto kinafanya kazi mbili.

Lakini tuseme ukweli wote. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, yale ambayo yakizidi yanaweza kuziba mishipa ya moyo. Si kwamba mboga iogelee. Kwa mtu mzima, vijiko viwili kwa siku vinatosha. Na kama dokta amekuambia kwamba una ugonjwa wa moyo au mafuta mengi katika damu, fuata kipimo chake. Tena usichanganye mawese na yale mafuta yanayotoka katika mbegu ya ndani. Hayo ya mbegu ni mazito zaidi, na vitamini E yake ni kidogo sana.

Tunaipoteza namna gani?

Kuna njia nne ambazo zinaharibu mawese yetu, na zote zinatoka mikononi mwetu.

Ya kwanza ni kuyaunguza. Wapishi wengi wanaweka mawese juu ya moto mkali mpaka moshi unajaa jikoni na rangi nyekundu inatoweka. Wanasema kwamba sasa yamekuwa mafuta ya kizungu, hayachafui wali. Mama mpendwa, ile rangi iliyotoweka ilikuwa vitamini A ya mtoto wako. Karotini inaharibika kabisa, na vitamini E inapungua. Umebaki na mafuta ya kunenepesha tu. Kama harufu ya mawese haikupendezi, kaanga kitunguu ndani yake kwa moto wa kiasi. Harufu itabadilika na rangi itabaki.

Ya pili ni kukaangia mara nyingi. Wauzaji wa beinye na samaki wa kukaanga wanatumia mafuta yale yale leo, kesho na kesho kutwa, mpaka yanakuwa meusi na mazito. Vitamini E ndani yake ilikwisha kutumika kupigana na ule moto. Mafuta meusi ni ya kumwaga. Kuyaongezea mapya juu yake hakuyafanyi kuwa mazuri.

Ya tatu ni jua na hewa. Chupa nyeupe za mawese zinazopangwa mezani kutwa nzima sokoni zinapendeza macho, lakini mwanga unakula vitamini. Nyumbani weka mawese katika chombo chenye kifuniko, mahali penye giza na baridi, mbali na jiko. Nunua kiasi cha wiki chache, usiweke ya mwaka mzima.

Ya nne inaanzia shambani. Ngazi zilizoanguka na kupasuka, au zilizolundikwa siku nyingi kabla ya kupikwa, zinatoa mafuta makali yanayowasha koo. Na maji yakibaki ndani ya mafuta yanayaharaka kuchacha. Wakamuaji, chemsheni ngazi mapema baada ya kukata, na baada ya kukamua yarudisheni mafuta motoni polepole mpaka maji yaishe. Hapo mteja atarudi.

Neno kwa mama mwenye mimba na mwenye mtoto mchanga

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Mtu mzima anayekula vizuri ni mara chache sana akose vitamini E. Lakini mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake anakuja na akiba ndogo mno, kwa sababu vitamini hii inapita kwake kidogo kidogo katika mimba. Chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka upesi, akapungukiwa damu. Mtoto wa namna hii anatakiwa kuwa mikononi mwa hospitali, si nyumbani na dawa ya kubahatisha.

Na kila mtoto, awe wa miezi tisa au hapana, ana haki ya maziwa ya kwanza. Yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo yana vitamini E na vitamini A nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Bado kuna bibi na shangazi wanaoamuru yakamuliwe chini, eti ni machafu. Kwa heshima yote, wazee wetu, hapo tusiwafuate. Mtoto anyonye katika saa ya kwanza, na asipewe maji ya sukari.

Na ninyi wababa mnaotumika machimboni, sikilizeni. Mkirudi nyumbani na feza, angalieni sahani ya mama mjamzito kabla ya kuangalia redio mpya. Kama ngazi zote za shamba zinageuka bidoni na bidoni zote zinakwenda sokoni, basi nyumba imeuza macho na damu ya watoto. Tengeni lita za nyumbani kwanza. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

Maulizo tunayosikia mara nyingi

Ulizo: Vidonge vya vitamini E vinaongeza nguvu ya kiume?
Jibu: Habari hiyo inatoka katika wale panya wa 1922. Watu walisikia neno uzazi, wakaongeza chumvi. Panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini kabisa. Kwa kijana mzima anayekula mawese na karanga, hakuna uhakika kwamba kidonge kitamwongezea kitu. Usingizi wa kutosha, kuacha pombe kali na kuacha sigara vitamsaidia zaidi.

Ulizo: Basi tukinywa vingi, kuna ubaya gani? Si ni vitamini tu?
Jibu: Kuna ubaya. Katika Marekani, Kanada na Puerto Rico, wanaume zaidi ya 35,000 waliingizwa katika utafiti ulioanza mwaka 2001. Baadhi yao walipewa kila siku kidonge chenye nguvu kubwa, mara kumi na mbili hivi ya kipimo cha siku. Watu walitumaini kwamba kingewakinga na kansa ya prostate. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalikuwa kinyume: katika kila wanaume 1,000 kwa miaka 7, waliokunywa vitamini E walipata kansa hiyo 76, na waliokunywa kidonge kitupu walikuwa 65. Tena vitamini E nyingi inafanya damu ichelewe kuganda. Kwa mtu anayekunywa dawa za kupunguza kuganda kwa damu, au anayengoja kupasuliwa, ni hatari. Chakula hakijawahi kumdhuru mtu kwa njia hiyo.

Ulizo: Sisi wasichana tunavipasua na kupaka usoni ili ngozi ing'ae. Ni vizuri?
Jibu: Wengine hawaoni kitu, na wengine wanapata vipele na muwasho. Msiunguze uso kwa kutafuta uso. Na mjihadhari sana na mafuta ya kujichubua yanayouzwa pamoja navyo. Mengine yana sumu. Ngozi inalishwa kutoka ndani: mboga, avoka, maji safi.

Ulizo: Ninatumia zebaki kukamatia zahabu. Vitamini E itanisafisha?
Jibu: Hapana, ndugu. Hakuna kidonge cha vitamini E kinachotoa zebaki mwilini. Dawa ya kwanza ni kuacha kuivuta: usiichome ndani ya nyumba, wala karibu na watoto na mama mwenye mimba, wala katika sufuria ya kupikia. Ukiona mikono inatetemeka au kichwa kinauma kila siku, nenda kwa dokta na umwambie wazi kazi unayofanya.

Ulizo: Ni nani basi anayehitaji vidonge?
Jibu: Mgonjwa ambaye mwili wake haushiki mafuta, kwa mfano kwa sababu ya ugonjwa mrefu wa ini au wa matumbo. Kuna pia jamaa, wengi wakiwa Tunisia na nchi jirani, ambazo zinarithi ugonjwa unaofanya ini lishindwe kushika vitamini E. Kijana anaanza kuyumba akitembea na maneno yanakuwa mazito. Akipewa vitamini E nyingi mapema, chini ya macho ya waganga, ugonjwa unasimama. Mnaona? Kidonge ni dawa ya kweli kwa mwenye ugonjwa wa kweli. Anayepima ni dokta. Mwenye kisanduku hawezi.

Anza wiki hii

Usiseme utaanza mwezi ujao, feza ikipatikana. Fanya mambo haya matano:

1. Tenga mawese ya nyumba kabla ya kuuza, na uyafiche jua.
2. Pika kwa moto wa kiasi. Rangi nyekundu ibaki katika sahani.
3. Kila siku, mboga moja ya kijani yenye mafuta au karanga ndani yake.
4. Mpe mtoto kijiko kidogo cha mawese katika uji tangu miezi sita, anapoanza kula.
5. Kabla ya kununua kidonge chochote cha vitamini, pita katika kituo cha afya na uulize.

Na ninyi vijana mlio mbali na mama zenu, huko mashimoni: mmeshindwa kupika sombe? Karanga hazihitaji jiko. Kiganja kimoja mfukoni asubuhi, avoka moja mchana, ni bora kuliko vidonge vya kisanduku. Na mkiwa na nafasi nyumbani, pandeni mingazi miwili nyuma ya nyumba. Mtoto anayezaliwa mwaka huu atakula mawese yake kabla hajaanza kusoma.